Boma la Nguo

Ng'ombe aliyeanzisha mambo yote alikuwa mwekundu mwenye paji jeupe, na katika zizi la mzee Qamara hapakuwa na mnyama aliyependwa kama yeye. Alikuwa wa uzao wa ng'ombe ambaye mke wa mzee, sasa marehemu, alikuja naye siku alipoolewa. Kiangazi kilipokaza na nyasi za tambarare chini ya mlima Hanang zikabaki vijiti vya kijivu, ng'ombe yule aliacha kucheua. Akawa anasimama kando ya wenzake, ubavu wa kushoto umevimba, shingo kainyoosha mbele kama anayesikiliza kitu. Mzee alimnywesha mafuta ya kupikia. Alimkanda tumbo kwa mikono yake mwenyewe. Bwana mifugo akaja kwa pikipiki kutoka Katesh, akamchoma sindano, akatikisa kichwa. Asubuhi jua linachomoza, ng'ombe akafa.

Violeth alikuwepo. Yeye ni mke wa Patriki, mtoto wa mwisho wa mzee, na asubuhi ile alikuwa amepeleka chai kwenye chupa kwa sababu alijua baba mkwe wake hajaweka kitu mdomoni tangu jana yake. Alisimama nyuma kidogo, kanga kaikaza kiunoni, wakati wanaume wanampasua mnyama ili ijulikane kilichomuua.

Bwana mifugo alitumbukiza mkono tumboni hadi kwenye kwapa, akavuta. Kilichotoka kilikuwa donge kubwa kuliko kichwa cha mtu, gumu, linanuka. Akalitupa chini na kuanza kulichambua kwa kisu. Kamba za nailoni. Soksi. Mguu mzima wa skintaiti, mrefu, unavutika kama mpira. Kipande cha blanketi la mtoto. Kisha ukosi wa sweta la manyoya la bluu, na rangi yake ilikuwa haijapauka hata kidogo.

Violeth akasogea, akainama kuutazama. Kwenye ule ukosi kulikuwa na uzi mwekundu. Uzi ule aliutia yeye mwenyewe, akijaribu kuishikiza zipu iliyong'oka, ili sweta lipate mtu. Halikupata mtu. Lilipigwa jua mezani kwake msimu mzima, likahamia kwenye fungu la fagia, la bei ya kutupa, linalochaguliwa chini, nako likakataliwa. Mwisho alilitia kwenye kiroba pamoja na mengine yaliyokataliwa, akalimwaga korongoni nyuma ya mnada, mahali ambapo wauza mitumba wote wa Katesh humwaga.

Mzee Qamara aliuchukua ule ukosi kwa ncha ya fimbo. Akauangalia. Akamwangalia Violeth.

"Hizi ni nguo zenu," alisema.

Aligeuka akaenda kukaa upande wa pili wa zizi, na chai ikapoa ndani ya chupa.

Kuanzia hapo Violeth alipofika kwa mzee na kuinamisha kichwa, "Shikamoo, Baba," mzee aliangalia mbuzi. Hakuitikia. Kwa watu wa huko jambo hilo ni zito kuliko kutukanwa. Mtu akikutukana, umo bado kwenye hesabu ya watu wake. Asipoitikia salamu yako anakuacha umesimama na neno lako hewani, hujui uondoke au ubaki. Violeth alibaki, siku zote alibaki, akafagia, akateka maji, akaondoka.

"Muache," Patriki alimwambia nyumbani. "Anaomboleza. Kwake huyu ng'ombe ni kama Mama kafa mara ya pili."

"Ni mimi niliyemuua, Patriki."

"Ni kiangazi. Ng'ombe wakikosa majani wanakula chochote."

"Wanakula tulichowawekea."

Patriki akachukua jembe akatoka. Alikuwa mtu wa shamba, analima mahindi na mbaazi kule Masakta. Lakini walijua wote wawili kwamba shamba ndilo linalowalisha mvua ikikubali, na meza ya mitumba ndiyo inayowalisha isipokubali. Binti yao Loveness alisoma kwa meza ile. Bati la nyumba lilitoka kwenye meza ile. Violeth mwenyewe alizaliwa Tlawi, juu kwenye baridi ya Mbulu, kwenye familia ya kanisa na kondoo, akaolewa kwa wafugaji huku chini bila mnyama wa kujisifia. Heshima yake kwa wakwe aliipata pale mezani, kwa kuwavisha. Hata koti analovaa mzee akienda mnadani, jeusi zito la kukinga upepo, alimchagulia yeye.

Aliamua jambo moja tu: kiroba chake hakitaenda tena korongoni. Mabaki yote ya fagia atakaa nayo nyumbani mpaka apate njia.

Hakujua alikuwa anajifungia mlango.

Belo la mitumba halichaguliwi. Linakuja limebanwa kwa mikanda, limeandikwa maneno mawili matatu kwa nje, na ukishakata mkanda kilichomo ni chako, kizuri na kibovu. Juu hukaa zile za kamera, yaani za daraja la kwanza, ambazo mwalimu au muuguzi atazichukua bila kubishana sana. Katikati ni za watu wote. Chini ni zilizochanika, zilizotoboka, zilizonyauka kwapani, za mchezo gani wa kwenye theluji, chupi za watu wasiojulikana. Kila belo lina chini yake. Violeth alipanda basi hadi Babati kumwona Clement, anayemuuzia, akamuomba walau afungue atazame kabla ya kuchukua.

Clement alicheka, lakini si kwa dharau. "Mama Loveness, mimi mwenyewe sijui kilichomo. Naletewa kutoka Dar limefungwa hivi hivi. Na wa Dar naye kaletewa limefungwa. Unafikiri kuna mtu alilifungua?"

"Basi zile mbaya nikurudishie."

"Unirudishie nizipeleke wapi?"

Akarudi Katesh na belo jingine juu ya paa la basi.

Ndipo alipoanza kuzijua nguo kwa namna ambayo hakuwahi kuzijua miaka yote aliyoziuza. Zile za pamba zilikuwa na pa kwenda. Mafundi wa pikipiki pale stendi walizipokea kwa furaha, shati la pamba likiwa limechakaa namna gani linafuta oili. Mama wa mgahawa alizichukua za kudekia. Lakini poliesta na nailoni hawakuzitaka. Hazinywi maji, hazinywi oili, zinasukuma tu uchafu huku na huku. "Hizi za kuteleza peleka kwako," fundi mmoja, Onesphory, alimwambia, akimrudishia kiroba karibu chote. Na za kuteleza ndizo zilizokuwa nyingi. Kila belo zinaongezeka, kama vile huko zinakotoka watu wameacha kabisa kulima pamba.

Kwanza viroba vilikaa chini ya kitanda. Kisha vikakaa ukutani, kimoja juu ya kingine, hadi dirishani. Chumba kikawa giza mchana. Loveness akahamishia godoro lake sebuleni, akisema nguo zinanuka dawa na anapiga chafya. Kisha sebule nayo ikaanza upande mmoja. Patriki akitaka kupita na jembe lazima alishike wima. Violeth akilala alihisi ukuta ule laini unamwegemea, na viroba usiku vilishuka vyenyewe taratibu kwa uzito wao, na kutoa sauti kama mtu anayevuta pumzi.

Akajaribu kuchoma. Alichagua asubuhi isiyo na upepo, akachimba kishimo uani, akamwaga kiroba kimoja na kuwasha. Nguo hazikuwaka kama zinavyowaka nyasi. Zilijikunja, zikayeyuka, zikaanza kudondoka matone meusi yanayowaka, na moshi ukasimama mzito juu ya bati ukakataa kuondoka. Alipozigeuza kwa mti, tone moja liliruka likatua juu ya mguu wake. Alilifuta upesi, likaja na ngozi. Huku anapiga kelele ya maumivu, alimsikia Loveness ndani anakohoa, anakohoa bila kupata nafasi ya kuvuta hewa, na jirani Fausta akaja mbio na ndoo ya maji.

"Violeth! Unataka kutuua na watoto?" Fausta aliumwagia moto wote maji. Alikuwa rafiki, lakini siku ile hakuwa na uso wa rafiki. "Nimeanua nguo zangu zote ni nyeusi. Nitakupeleka kwa mwenyekiti, haki ya Mungu."

Kishimoni kulibaki bamba gumu, jeusi, linalong'aa. Alilipiga jembe, jembe likaruka.

Akajaribu kuzika. Walipeleka viroba Masakta kwa mkokoteni wa punda na kuvifukia pembeni mwa shamba, ndani kiasi cha kiuno. Violeth akashusha pumzi. Mvua za kwanza zilipoonyesha dalili, Patriki alikwenda kulima kwa plau. Alirudi mapema mno, akasimama mlangoni.

"Ng'ombe wamesimama," alisema. "Plau imekamata kitu. Nimechimba, nimekuta suruali imejifunga kwenye jembe. Nyingine inafuata. Nyingine inafuata. Fisi wamefukua, wakazitawanya shamba zima." Alikaa chini. "Violeth, baba yangu alinipa shamba lile. Nitamwambia nini? Kwamba nalima nguo?"

Waliokota kutwa nzima, wakarudi nazo nyumbani.

Sasa alibakiwa na wenzake wa mnadani tu. Siku ya mnada, kabla wateja hawajafika, aliwakusanya wauza mitumba waliokuwa karibu na kuwaeleza habari ya ng'ombe, bila kuficha ule uzi mwekundu. Walisikiliza. Walisikitika kweli, maana wengi wao wana ng'ombe kwao. Philomena, aliyeanza biashara hiyo zamani kuliko wote na aliyemfundisha Violeth kukunja na kupanga, ndiye aliyejibu.

"Pole sana, mwanangu. Hata kwetu Bassotu ndama mmoja ametolewa kamba tumboni. Lakini niambie. Tukiacha korongo, tupeleke wapi?"

"Sijui, Mama. Ndiyo maana nimewaita."

"Gari la taka likipita linazipeleka wapi?"

Wote walijua. Linazunguka nyuma ya mnada na kumwaga mahali pale pale.

"Basi tuache biashara," alisema mmoja, na wengine wakacheka kicheko kifupi. Wateja wakaanza kuingia. Kila mtu akarudi kwenye meza yake.

Wiki ile mtamba wa mzee Qamara naye alianza kusimama kando ya wenzake.

Violeth alipopata habari hakuenda kwa mzee. Alikwenda korongoni peke yake mchana, na kamba na viroba vitupu. Alijua kwamba ni jambo lisilo na mwisho, ila hakuweza tena kukaa. Alifikiri: nitatoa zilizo juu, zile ambazo ng'ombe wanazifikia. Usiku mvua ilikuwa imenyesha mlimani, na chini ya korongo palikuwa na tope linalometameta. Alishuka kwenye ukingo akishika mizizi.

Alianza na jezi ya kijani. Akaivuta, ikatoka na mkono wa sweta umejisokota ndani yake, sweta likatoka na pazia, pazia halikutoka. Akavuta kwa nguvu. Ukingo mzima ukatikisika. Hapo ndipo alipoona kwamba alichodhani ni ukingo wa udongo kilikuwa nguo tupu. Nguo na tope, tabaka juu ya tabaka, kuliko urefu wake, zimeshikana kama mkeka. Huku chini kabisa aliona jezi za mashindano ya zamani, za wakati yeye bado msichana Tlawi, na namba zake mgongoni zinasomeka. Za pamba zilikuwa zimekwisha, zimerudi udongo. Hizi nyingine zote zilikuwepo.

Alirudi hatua moja nyuma ili azione vizuri, na mguu ukazama.

Alidhani ni tope la kawaida. Akaukaza mguu wa pili ili achomoke, nao ukazama. Chini hapakuwa na ardhi. Palikuwa na nguo zilizokunywa maji, laini, nzito, na kila alipojitikisa zilimfunga zaidi: kitu kama skintaiti kilimzunguka kifundo cha mguu, kingine kikamkaba paja. Alifika kiunoni. Alitupa mikono mbele kushika kitu, akashika fulana, ikaja. Akashika nyingine, ikaja. Chochote alichoshika kilimfuata.

Aliita. Sauti iligonga kuta za korongo ikarudi kwake. Juu, kwa mbali, kengele za ng'ombe. Wingu jeusi lilikaa juu ya mlima, na alijua mvua ikinyesha huko maji yatapita wapi. Alimwita Patriki ingawa Patriki alikuwa Masakta. Alimwita mama yake. Mwishoni alilia tu, mikono kaiweka juu ya nguo kama mtu aliyeegemea meza yake sokoni, na baridi ikimpanda kutoka miguuni.

Kengele zilikaribia. Uso uliotokea ukingoni ulikuwa wa mzee Qamara, aliyekuwa anawazuia ng'ombe wasishuke.

Alimtazama kwa muda. Neno lililomtoka Violeth ni lile alilozoea.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," alisema mzee kwa sauti kali. "Usitikisike. Ukitikisika unazama."

Alifungua kamba ya kufungia ng'ombe, akafunga kitanzi, akarusha. Violeth akakipitisha chini ya makwapa. Mzee alifunga ncha nyingine kwenye shingo ya dume lake kubwa, akaanza kulisemesha taratibu kwa lugha yake, hatua kwa hatua, bila kulipiga. Kamba ikakaza. Violeth alihisi anachanika katikati. Nguo zilimshika, zikamshika, kisha zikamwachia kwa mkupuo, akaburuzwa ukingoni bila viatu, bila kanga, skintaiti ya mtu asiyemjua bado imemfunga mguu.

Mzee alivua koti lake jeusi akamfunika. Alikata ile skintaiti kwa kisu. Kisha akasimama akitazama chini, lile pango lililofunguka, zile tabaka.

"Zote hizi ni zako?"

"Hapana, Baba. Zangu ni hizo za juu. Hizo nyingine zilikuwepo kabla sijaja."

"Kabla yako." Alitema mate. "Mama yake Patriki alivaa ngozi ya mbuzi mpaka alipozeeka. Ilipochakaa aliitupa nyuma ya nyumba. Msimu uliofuata niliitafuta nikakuta mchwa wameimaliza." Kisha akasema kama anayelaumu, "Na hili koti ulilonipa, linapasuka kwapani. Nikilichoka litakwenda wapi?"

Violeth akajifunga koti lile hadi shingoni.

Mtamba alikufa. Hawakumpasua, hapakuwa na haja. Siku iliyofuata mzee Qamara alichukua shoka na panga, akaenda korongoni na kuanza kukata miiba. Hakumuaga mtu. Patriki aliposikia aliacha shamba akaenda. Violeth akaenda, mguu wenye kidonda cha moto umefungwa kitambaa. Walikata migunga, wakaiburuza, wakaipanga matawi ndani kwa ndani, mashina nje, kama inavyojengwa boma la ng'ombe, isipokuwa hili lilizunguka ule mdomo wa korongo ambako nguo humwagwa. Wafugaji wengine waliokuwa wanapita waliuliza, wakaambiwa, wengine wakaweka fimbo chini wakasaidia. Philomena alileta uji. Baadhi ya wauza mitumba walikuja jioni wamebeba viroba, wakakuta miiba, wakakasirika. Mzee aliwaonyesha mlango alioacha kwenye miiba.

"Leteni hapa," alisema. "Ila mlango nafunga mimi."

Ng'ombe walikoma kushuka pale. Hilo lilifanikiwa, na katika msimu ule hapakuwa na mnyama mwingine wa mzee aliyevimba. Lakini boma la miiba huzuia ng'ombe tu, maji hayalijui. Mvua kubwa zilipokuja, korongo lilijaa likabeba lililoweza kubeba hadi kwenye lambo kule chini. Violeth na mzee walikwenda wakatembea ukingoni, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wakiokota soksi na vipande kwenye matete. Nyingine zilikuwa zimekuwa nyuzi nyembamba sana, zinaelea, ukizishika hazishikiki. Mzee alichota maji kwa kiganja, akayaangalia kwenye mwanga, akayamwaga. Ng'ombe walikuwa wanakunywa pembeni yake. Hakuwafukuza, maana hapakuwa na maji mengine.

Nyumbani chumba kilipata tena dirisha. Viroba vyote vilihamia bomani, Loveness akarudisha godoro lake, kikohozi kikapungua. Violeth alidhani atajisikia mwepesi. Alilala akatazama ukuta mtupu, akafikiri juu ya belo linalomsubiri kwa Clement.

Akalifuata. Angefanya nini kingine? Baridi ilikuwa imeanza, upepo wa mlimani unaingia kwenye mifupa, na nje ya belo waliandika sweta za watoto. Siku ya mnada alikata mkanda, zikafumuka kwa nguvu kama kitu kilichobanwa koo, nyekundu, njano, bluu, laini kama kifaranga. Akina mama walimzunguka. Mmoja, mke wa mfugaji kutoka mbali, alimvika mwanawe sweta lenye masikio ya sungura kofiani. Mtoto alikuwa amejikunyata kwa baridi. Akanyooka, akajishika mashavu, akacheka. Mama yake naye akacheka, na Violeth akajikuta anacheka nao, kwa furaha ya kweli, mikono yake ikiendelea kukunjua na kukunja.

Jua lilipoinama, zilizokataliwa zilikuwa zimefika magotini mwake. Alizitia kwenye viroba, akavifunga, akavipandisha kwenye mkokoteni wa Onesphory, yule fundi wa stendi, akatembea nyuma yake hadi korongoni. Mzee Qamara alikuwa ameketi kwenye jiwe nje ya boma, koti limeshonwa kwapani.

"Leo ni nyingi?" aliuliza.

"Ni nyingi, Baba."

Mzee akainuka, akashika shina la mgunga lililoziba mlango, akalivuta kando ili Violeth apite.